Intavali za dakika 8: wati kwenye kompyuta hazitulii, tatizo mashine au mimi?

Mnyonga_Tegeta
Wakuu habari za Jumapili. Mi mnyonga baiskeli wa kawaida tu, siyo wa mashindano, asubuhi kabla ya kazi napiga Bagamoyo Road na wikiendi natoka na kundi mpaka Bagamoyo mjini tunapiga supu tunarudi. Hivi karibuni nimefunga pawa mita, kile kifaa cha kupima nguvu unayonyonga kwa wati, ile ya krenki (mkono wa pedali) ya kushoto peke yake, nikaiunganisha na kompyuta ya baiskeli ya iGPSPORT niliyokuwa nayo siku zote. Nia yangu nifanye intavali, yani kukaza na kupumzika kwa zamu, kwa kufuata wati, nimechoka kukisia.

Sasa mpango unasema dakika 8 kwa wati 210, pumzika dakika 4, rudia mara nne. Nikianza tu skrini inasoma 340, nalegeza inadondoka 150, nakaza 280, nalegeza 170, yani dakika 8 zote ni kugombana na namba na macho hayapo barabarani kabisa, pale Africana kidogo nimvae bodaboda aliyesimama ghafla kupakia abiria. Halafu nafika home nafungua apu inaniambia avereji ya ile intavali ni 204. Hiyo 204 ilipita saa ngapi maana mi sikuiona?

Naomba kueleweshwa, pawa mita ni mbovu, kompyuta ndo haifai au miguu yangu haijui kunyonga? Nilinunua mkononi kwa jamaa, boksi hakuna.

Gia_Moja
Umenunua presha kwa hela yako mwenyewe mkuu 😂 Mi nanyonga mpaka naona nyota mchana, hiyo ndo intavali.

Spoku_Imekatika
@Mnyonga_Tegeta kabla hujaitupa baharini soma hapa taratibu.

Pawa mita haipimi wati moja kwa moja. Kwenye huo mkono wa krenki kuna sensa ndogo zinazohisi chuma kinavyopinda ukikanyaga, kupinda kwenyewe ni kudogo jicho haliwezi kuona, kutoka hapo inapata nguvu ya msokoto, inazidisha na kasi ya krenki kuzunguka, ndo zinakuja wati. Sasa fikiria mguu wenyewe unavyonyonga, unasukuma sana pedali ikiwa mbele, ikifika chini kabisa nguvu inakaribia kwisha, mguu wa pili unapokea. Ongeza na barabara, tuta, kamlima ambako hata kwa gari hukaoni, upepo wa fuso lililokupita. Nguvu inabadilika kila sekunde na kompyuta yako inakuonyesha ya sekunde hiyo hiyo. Haidanganyi, ila ukiwa juu ya baiskeli huo ukweli wa sekunde moja haukusaidii kitu. Hata wale wa Tour de France faili zao ukizifungua bila kulainisha ni msumeno mtupu.

Cha kufanya ingia setingi utengeneze ukurasa mmoja wa intavali tu. Weka wati za avereji ya sekunde 3, avereji ya wati ya lapu (kipande unachokikata kwa kubonyeza kitufe, hapa ni intavali moja), muda wa lapu, mapigo ya moyo na kadensi, yani krenki inazunguka mara ngapi kwa dakika. Basi. Spidi toa, kalori toa, joto toa. Avereji ya lapu ndo bosi, ile ya sekunde 3 inakuonyesha tu saa hii unaelekea wapi. Autolapu zima maana ikikata kila kilomita 5 inakuchania intavali katikati. Alafu kagua kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui, kwenye avereji ya wati sifuri ziwe zinahesabiwa, kwenye kadensi zisihesabiwe. Sifuri za wati zikirukwa, kila ukiacha kunyonga hesabu haikuoni, mwisho wa siku unaonekana mtu hatari kumbe nusu ya njia ulikuwa unateleza.

Na kwa kuwa yako ni ya kushoto tu, jua inapima mguu mmoja inazidisha mara mbili. Kama mguu wa kushoto unatoa asilimia 52 ya kazi, kwenye wati 200 za kweli utasoma 208. Haina shida alimradi unajipima na wewe mwenyewe. Usiende tu kubishana kwenye magrupu na mtu anayepima miguu yote.

Mnyonga_Tegeta
Daah. Mi niliweka wati za papo hapo zimejaa nusu ya skrini, nyingine yote ni spidi na ramani. Leo leo nabadilisha. Na hilo la mkononi je, nitajuaje inasoma sawa?

DadaPedali_Kigamboni
Kaka Mnyonga anza na kuzero, yani kuiambia pawa mita kwamba hapa hakuna mzigo, ianze kwenye sifuri. Kila siku kabla ya mazoezi, siyo mara moja ukisharidhika basi. Chuma kinabadilika na joto na hizo sensa zinahisi, kwahiyo ukitoa baiskeli chumbani kwenye kiyoyozi ukazero hapo hapo afu ukaenda juani, namba zitakuwa zinahama polepole bila wewe kujua. Mi natoka nayo nje, naiacha kama dakika kumi wakati nafunga viatu na kujaza chupa, ndo nazero, krenki imesimama wima na hakuna mguu juu ya pedali.

Pili ingia uangalie urefu wa krenki uliowekwa. Kama yako ni 170 na yule jamaa alikuwa ameacha 172.5 unajiongezea karibu asilimia moja na nusu ya bure. Kwa kuwa ulinunua mkononi hili lingekuwa la kwanza kwangu.

Tatu, kama programu ya simu ya hiyo pawa mita inaonyesha msokoto, unaweza kuipima nyumbani. Funga breki ya nyuma, weka krenki ya kushoto ilale mbele sawa na sakafu, ning'iniza kwenye pedali kitu cha uzito unaoujua. Mi nilitumia mfuko wa sukari niliopima kwanza kwenye mizani ya dukani. Kilo 10 kwenye krenki ya 170 inatakiwa itoe kama niutonimita 16.7. Ikitoa 16.5 au 16.9 maisha yaendelee, ikitoa 14 mpigie simu huyo jamaa.

Mnyonga_Tegeta
Dada ubarikiwe sana. Ile ya urefu wa krenki umenigusa, ngoja nikaangalie.

Jicho_la_Strava
Samahani wakuu mbona mi sina hicho kifaa na apu ya Strava inanipa wati kila safari? Juzi kutoka Bagamoyo nimepata 265 😎 kwanini mtu anunue

Spoku_Imekatika
@Jicho_la_Strava hizo ni za kukadiriwa. Inachukua uzito wako uliojaza, uzito wa baiskeli, spidi na mwinuko wa barabara, inapiga hesabu. Haijui upepo na haijui kama ulikuwa umejibana nyuma ya mgongo wa mtu. Kwenye kundi la watu kumi ukikaa wa tano unaweza kwenda 38 kwa saa huku unapiga stori, yeye anaandika umepigana vita. Kwenye mlima mkali na pole pole hapo inakaribia ukweli maana unapigana na uzito zaidi ya hewa. Kwa intavali za Bagamoyo Road sahau.

Jicho_la_Strava
Kwahiyo 265 yangu 😭

Gia_Moja
Itoe mkuu, ni ya yule uliyekuwa nyuma yake.

Mzee_wa_Bunju
Vijana hamjambo. Nimesoma mpaka hapa nacheka. Sisi tumenyonga Dar mpaka Morogoro na baiskeli za chuma, gia unabadilishia kwenye fremu, kompyuta tuliyokuwa nayo ni pumzi. Ukiweza kuongea sentensi nzima unatembea, ukiweza maneno mawili matatu uko kazini, ukishindwa hata kumtukana dereva wa daladala aliyekubana basi umefika mwisho. Kipimo hicho hakiishiwi betri na hakiibiwi. Huyu kijana anataka kugonga bodaboda kwa sababu ya namba. Nadhani mngemwambia aangalie mbele.

Mnyonga_Tegeta
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuangalia mbele sina ubishi.

Lapu_ya_Nne
Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane na wewe nusu tu, nusu nyingine nitakupa mwenyewe.

Pumzi na mapigo ya moyo ni majibu ya mwili, na majibu yanachelewa. Ukikaza leo hii moyo unapanda taratibu, unaweza kuchukua dakika moja mpaka mbili kufika unakotaka. Kwenye intavali ya dakika 8 hiyo siyo shida sana. Kwenye zile za sekunde 30 kaza sekunde 30 legeza, mpaka moyo unafika juu intavali imeisha, ukitumia moyo peke yake utazianza zote kwa nguvu kupita kiasi. Wati hazichelewi, umekanyaga imesoma. Ndo maana yule injinia Mjerumani Ulrich Schoberer alipoanzisha SRM, kampuni ya pawa mita, mwaka 1986 watu wa mbio waliielewa haraka, Greg LeMond akiwa kati ya wa mwanzo kuitumia. Sababu ya pili ni upepo wetu. Kusi likiwa limechachamaa unaenda Bagamoyo unasukumwa mgongoni, spidi tamu, unajiona umeiva, kurudi unakula upepo wa uso spidi inakufa na roho inakufa. Wati zile zile, spidi mbili tofauti kabisa. Mtu anayefuata spidi anaenda kwa uvivu anarudi kwa kujiua.

Sasa nusu yako mzee. Kuna utafiti wa Stephen Seiler na wenzake huko Norway, ulitoka 2013, walilinganisha waendesha baiskeli wa kawaida kama sisi, kundi moja likafanya 4 kwa dakika 4, lingine 4 kwa dakika 8, lingine 4 kwa dakika 16. Waliofaidika zaidi ni wa dakika 8, ndo hizo anazofanya Mnyonga. Ila hawakupewa namba ya wati ya kufukuzia. Waliambiwa kaza kadri unavyoweza, ila uhakikishe unazimaliza zote nne. Yani ni pumzi ile ile unayoisema wewe, mtu anajipimia mwenyewe. Wati zikaja kuonyesha tu nini kimetokea.

Mzee_wa_Bunju
Marahaba. Hiyo nusu naichukua, na ile nyingine utanipa nikizeeka.

Kilima_cha_Pugu
Nataka kuongea suala la kuanza intavali maana ndo linawaua wengi na naona kwa Mnyonga lipo wazi kabisa, ile 340 ya mwanzo.

Mtu akibonyeza lapu anaruka kama ametoka kuiba. Sekunde 20 za kwanza anapiga 340, avereji ya lapu inasoma 330 huko, anaona oh nimezidisha, analegeza mpaka 150 ili avereji ishuke kwenye 210, ikishafika anaanza tena kukaza. Kwenye karatasi imetoka 210 safi, kwenye miguu umefanya spirinti moja, ukapumzika, ukafanya kazi ya kati. Ndo ile 204 yako ambayo hujawahi kuiona, ni hesabu ya juu na chini.

Mi nafanya hivi, napandisha kwa sekunde kumi hivi mpaka wati za sekunde 3 zinazunguka zunguka 200, ndo nabonyeza lapu. Dakika ya kwanza siangalii avereji kabisa, nasikiliza miguu na kadensi. Baada ya hapo avereji inakuwa nzito, haihami kirahisi, natupa jicho mara moja moja tu tena sehemu nyoofu. Intavali ya kwanza ikiisha inatakiwa uhisi umejionea huruma. Ya pili sawa. Ya tatu ndo unaanza kuulizana na nafsi. Kama ya kwanza tu imekutoa machozi basi 210 siyo namba yako.

Na dakika ya mwisho usianze kukimbiza avereji ikiwa 206 ili isome 210. Iache 206. Hakuna mwalimu anasahihisha.

Mnyonga_Tegeta
Kaka umeniona mpaka ndani 😂 hiyo ya kulegeza ili avereji ishuke nilidhani ni akili nyingi.

DadaPedali_Kigamboni
Hiyo 210 umeipata wapi kwanza? Ulifanya testi?

Mnyonga_Tegeta
Ndio, gym moja ya huku Mbezi Beach wana trena ya ndani, nilifanya ile ya dakika 20 nikapata avereji 211. Apu ikakata asilimia 5 ikanipa FTP 200 (wati unazokadiriwa kuzishikilia kama saa moja), ndo mpango ukaweka intavali kwenye asilimia 105 ya hiyo.

Daktari_wa_Cheni
Sasa tumefika kwenye kiini. Mi siyo daktari wa hospitali, jina tu, ila nafundisha mazoezi na hili naliona kila mwaka Desemba mpaka Machi.

Testi umefanya ndani, kiyoyozi, feni usoni labda. Intavali unafanya Bagamoyo Road saa mbili asubuhi, jua limeshapanda na hewa imelowa. Jasho linapoza mwili likikauka, siyo likidondoka. Hewa ya Dar ikiwa imejaa unyevu jasho halikauki, linachuruzika tu mpaka kwenye fremu linakula nati, mwili unabaki na joto. Hapo moyo unagawanya damu mara mbili, nyingine miguuni nyingine kwenye ngozi kupoza, na maji yanaisha kwa jasho kwahiyo damu yenyewe inapungua. Matokeo yake wati 210 zile zile, intavali ya kwanza moyo 160, ya tatu 172, na hujaongeza hata wati moja. Pawa mita inakuambia umetoa nini, haikuambii imekugharimu nini. Ukiifuata yenyewe tu kwenye joto letu itakupeleka ukutani ikiwa inasoma 210 vizuri kabisa.

Ushauri wangu, testi rudia nje, barabara ile ile na saa ile ile unayofanyia mazoezi. Hutaki kurudia, punguza asilimia 5 kwenye msimu wa joto uone. Mwili unazoea joto, wiki mbili hivi za kunyonga mfululizo zinatosha kuleta tofauti kubwa, lakini hauwi kama wa ndani ya kiyoyozi. Mi sheria yangu kwa wanafunzi, wati za lapu zikishuka zaidi ya asilimia 5 chini ya ile ya kwanza na moyo uko juu, funga duka rudi nyumbani pole pole. Intavali tatu nzuri zinatosha, ya nne ya kujikongoja inakuachia uchovu tu.

Na maji tafadhali. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo na jasho linatoa sodiamu zaidi. Tia chumvi kidogo kwenye chupa.

Gia_Moja
Chumvi kwenye dafu mkuu? hii nchi imefika mbali

Daktari_wa_Cheni
Kidogo tu, siyo unapika dagaa.

Lapu_ya_Nne
Naongezea ya Daktari. Kama kompyuta inakubali weka wati za lapu na mapigo ya lapu jirani kwenye skrini. Ukimaliza linganisha intavali ya kwanza na ya mwisho. Wati sawa, moyo umepanda kidogo, kawaida. Wati sawa, moyo umepanda sana, joto au maji. Wati zimeshuka na moyo umeshuka pia, hapo miguu imechoka tangu jana, kalale.

Mnyonga_Tegeta
Sawa sawa. Sasa swali la kiDar es Salaam kabisa, dakika 8 bila kusimama mnafanyia wapi? Mi kutoka Tegeta kuelekea mjini ni taa, foleni, bajaji, kituo cha daladala kila baada ya hatua mbili.

Kilima_cha_Pugu
Usielekee mjini kabisa. We uko Tegeta, geuza kaskazini, ukishapita Bunju kuelekea Mapinga taa zinakwisha na vituo vinapungua. Toka saa 11 alfajiri, taa ya nyuma ya uhakika, saa 1 umemaliza. Angalizo, mabasi na malori ya mchanga huko hayana habari na wewe. Weka wati kidogo, macho mengi.

Mi nakaa upande wa Gongo la Mboto kwahiyo natumia Pugu kwenda Kisarawe. Kule kuna milima milima, na kwenye mwinuko wati zinatulia zenyewe, barabara inakulazimisha ukanyage muda wote. Kwenye tambarare ukisukumwa na upepo unaweza kukosa cha kukanyagia hata gia ikiwa kubwa. Shida ya Pugu ni kushuka, ukishuka ndani ya intavali unakuwa unakusanya sifuri, kwahiyo panga mapumziko ndo yaangukie kwenye mteremko.

DadaPedali_Kigamboni
Kigamboni jamani mnaisahau. Wa mjini panda kivuko Magogoni, shuka, nyonga Mjimwema kuelekea Kimbiji, alfajiri barabara ni yako na mbuzi wa watu. Wa Masaki na Oysterbay wana Toure Drive, ni pazuri kwa dakika 3 mpaka 5 kabla watu wa Coco hawajaamka. Daraja la Tanzanite kila mtu analipenda kwa picha ila lina urefu wa kilomita moja na kitu kidogo, ukiwa na kasi umelimaliza ndani ya dakika mbili, na upepo wa pembeni pale unakusogeza bila kukuomba ruhusa. Hapo fanya zile za dakika moja.

Lapu_ya_Nne
Kwa zile fupi na kali, kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani. Mfupi, umesimama, ukifika juu huna la kusema. Ila watembea kwa miguu ni wengi, wanafunzi wana haki na barabara yao.

Jicho_la_Strava
Mimi nimeamua kununua. Kushoto tu au pande zote?

Spoku_Imekatika
Ya krenki ya kushoto inacheza kwenye dola mia mbili na kitu mpaka mia tatu na kitu, kabla ya usafiri na ushuru, usisahau ushuru. Kwa intavali inatosha kabisa. Hakikisha tu mkono huo unaingiana na krenki yako, siyo kila mkono unakaa kila ekseli. Ukitaka ya kuhamisha kutoka baiskeli moja kwenda nyingine chukua ya pedali kama Favero Assioma, ghali zaidi ila unafungua na spana ya aleni dakika mbili. Nyingi za krenki zinatumia betri ya CR2032, weka ya akiba kwenye kimfuko cha chini ya siti. Betri ikikaribia kufa namba zinaanza uchawi kabla hata kompyuta haijakupa onyo.

Mnyonga_Tegeta
Wakuu nimerudi na majibu. Urefu wa krenki ulikuwa umeandikwa 175 😳 yangu ni 170. Dada Pedali nakudai soda, yani nakulipa soda. Nimepima na sukari, baada ya kusahihisha imetoa 16.6 kwahiyo mashine nzima. Maana yake hata zile 204 zilikuwa kama 198.

Leo alfajiri nimetoka Bunju kuelekea Mapinga, nimeshusha lengo mpaka 200 kama Daktari alivyosema, ukurasa mpya wenye vitu vitano tu, nimeanza pole pole. Wati 201, 203, 200, 193. Moyo wa lapu 156, 161, 165, 171. Ile ya nne nilianza kusikia masikio yanaziba. Mnasemaje?

Kilima_cha_Pugu
Tatu za kwanza ni za kufundishia darasa. Hongera.

Daktari_wa_Cheni
Ya nne imeshuka asilimia 4 na moyo umepanda, umeishia pale pale mpakani. Ulikunywa nini na kiasi gani kabla ya ya tatu?

Mnyonga_Tegeta
Chupa moja safari nzima. Nyingine niliiacha kwenye friji 🙈

Daktari_wa_Cheni
Haya basi tusitafute mchawi. Chupa mbili, na usipandishe wati. Rudia 200 hiyo hiyo mpaka ya nne ilingane na ya kwanza bila masikio kuziba, hapo ndo uongeze 5. Siyo 15, tano.

Lapu_ya_Nne
Na usiongeze wati na idadi ya intavali wiki moja. Kimoja kimoja. Siku zingine za wiki nyonga mwepesi kweli, unaweza kuongea, kipimo cha mzee. Siku mbili za intavali kwa wiki zinatosha.

Mzee_wa_Bunju
Mmesema kipimo changu nimefurahi. Sasa nina swali na msinicheke. Baiskeli yangu ni ya chuma, krenki ya zamani ya ekseli ya pembe nne, hizo za kushoto zinaingia? Mjukuu ndo anauliza.

Spoku_Imekatika
Mjukuu mwambie za krenki itakuwa shida kupata ya ekseli hiyo mzee. Achukue ya pedali. Aangalie tu tundu la krenki lina uzi wa kawaida wa pedali za sasa, na awe na viatu vya klipu, vile vinavyonasa kwenye pedali hizo.

Mzee_wa_Bunju
Mjukuu anauliza pia kama inawezekana kuficha skrini, abaki anaona muda peke yake, namba azione akifika nyumbani.

Spoku_Imekatika
Inawezekana kabisa. Ukurasa mmoja, muda wa lapu tu, wati zinajirekodi kimya kimya. Mwambie mjukuu Jumamosi saa 11 na nusu tunatokea Bunju sheli, Mnyonga atamuazima kompyuta yake aone inavyokaa.

Mnyonga_Tegeta
Nitakuwepo mzee, na chupa mbili.